Otto Link Super Tone Master 7*: kipulizio kinachodai pumzi na ukaguzi

Kwenye saksafoni ya tenori, bomba lote la shaba na vifunguo vyake hufuata amri ya kipande kimoja kidogo kinachoingia mdomoni: kipulizio, ambacho wengine hukiita mausipisi. Miongoni mwa vipulizio vya chuma, Otto Link Super Tone Master ndicho jina ambalo wapulizaji wa jazi na bluzi hulitaja kwanza. Sababu kubwa ni John Coltrane, mpulizaji wa tenori wa jazi wa Marekani. Alipiga Otto Link ya chuma katika miaka yake mikubwa, na wengi wanaokinunua leo wananunua pia tumaini la kusikika kama yeye.

Tathmini hii ni ya toleo linalouzwa sasa, ukubwa wa 7*, kwa ajili ya tenori. Hukumu ndiyo hii: muundo wake ni bora na haujachuja, lakini umaliziaji wa kiwandani hauaminiki. Viwili vyenye namba ile ile vyaweza kupishana hadi ukadhani vimetoka viwanda tofauti. Anayekinunua bila kukikagua anacheza bahati nasibu. Anayekikagua, na ikibidi kukipeleka kwa fundi anayeijua kazi, anapata kifaa cha kuzikwa nacho.

Historia yake ni fupi kuieleza. Otto Link alianza kuuza vipulizio vyake New York katika miaka ya 1930, na miaka ya 1950 kazi ikahamia Florida. Vile vya Florida ndivyo vinavyosakwa hadi leo na wakusanyaji, kwa bei ambayo ni mara nyingi ya kipya. Baadaye jina likaingia mikononi mwa J.J. Babbitt, kampuni ya Elkhart, Indiana, mji uliojaa viwanda vya ala za bendi tangu zamani. Hivyo unaponunua kipya unanunua jina na umbo la Otto Link, lililotengenezwa na mikono ya Babbitt.

Kilivyo

Ni shaba iliyochovywa dhahabu, na ni kizito kuliko kinavyoonekana. Ukikishika kwa mara ya kwanza utagundua kuwa ni chembamba: mpulizaji aliyezoea kipulizio cha mpira mgumu atahisi mdomo wake umefunga zaidi ya kawaida, na kwa wiki mbili za mwanzo pembe za midomo zitachoka upesi. Juu yake, pale meno ya juu yanapokaa, pamezamishwa kibamba cheusi cha kuzuia meno yasiteleze wala yasisikie mtetemo mkali wa chuma. Kibamba hicho kikilegea, ambalo hutokea, usikitumie hivyo hivyo: unyevu huingia chini yake na meno huanza kutafuta mahali pengine pa kukaa. Kibandike upya, au weka juu yake kipande cha mpira cha kubandika kinachouzwa kwa kazi hiyo.

Ndani ndimo siri ilimo. Chumba cha katikati ni kipana na cha mviringo. Kabla ya chumba, nyuma ya ncha, kuna mteremko wa ndani unaoelekeza hewa. Katika vipulizio vikali, kama vingi vya Berg Larsen, mteremko huo huwa umeinuka karibu na ridi, kile kibamba chembamba cha tete kinachotetema. Hewa hubanwa, hukimbia, na sauti hutoka na makali yanayopenya. Kwenye Otto Link mteremko uko chini na huviringika taratibu kuingia chumbani. Matokeo yake ni sauti nene, yenye giza kidogo upande wa chini na upana katikati. Makali yapo, ila lazima uyatie wewe kwa kasi ya hewa na kwa kuinua ulimi.

Namba nayo ieleweke vizuri, maana huwachanganya wengi. 7* ni uwazi wa ncha, yaani umbali kati ya ncha ya kipulizio na ncha ya ridi ikiwa imelala. Haihusiani kabisa na ugumu wa ridi. Namba 5 ni inchi 0.080, 6 ni 0.090, 7 ni 0.100, na nyota huongeza inchi 0.005. Kwa hiyo 7* ni 0.105, sawa na milimita 2.67. Namba 8 ni 0.110, 9 ni 0.120, na 10 hufika 0.130, uwazi ambao ni wachache wanaoumudu kwa saa mbili jukwaani.

Kibano chake cha kushikia ridi kina skrubu moja inayosukuma kibati dhidi ya ridi. Kinatosha. Kosa la kawaida ni kuikaza skrubu kama nati ya gurudumu. Ridi hujipinda upande kwa upande katikati, hewa huvuja pembeni, na noti za chini hukataa kuanza. Kaza mpaka ridi isisogezeke kwa kidole, kisha basi.

Sauti, na kilichomfaa Coltrane

Kwa bluzi kipulizio hiki kinatii sana. Uwazi wa 2.67 huipa ridi nafasi ya kutosha, na ndiyo maana unaweza kuvuta noti kutoka chini kwa kulegeza taya, ukaichelewesha kufika, ukaipindisha tena inapotoka. Mngurumo, ule wa kuguna kooni huku unapuliza, hutoka kwa urahisi kwa sababu chumba kipana huzipokea sauti mbili, ya koo na ya ridi, bila kuizima mojawapo. Noti za chini kabisa, B flati hadi D, zaweza kupigwa kwa pumzi tu, taya likiwa limerudi nyuma, sauti ikawa karibu mnong'ono. Hapo ndipo kinapokishinda karibu kila kipulizio chenye mteremko mkali.

Kinaposhindwa ni mahali pa kelele. Ukiwa mbele ya magitaa mawili ya umeme na ngoma zinazopigwa kwa nguvu, bila maikrofoni nzuri, sauti yako itakuwepo lakini haitasikika. Utaanza kubana midomo ili upate makali, na ukibana, uwazi unafungwa, sauti inapanda juu ya noti inayotakiwa na shavu linachoka. Kwa kazi ya namna hiyo nunua kitu kingine.

Sasa Coltrane. Alizaliwa 23 Septemba 1926 huko Hamlet, North Carolina, akakulia High Point, na mwaka 1943 akahamia Philadelphia. Alianza na alto. Tenori ilimjia kwa sababu ya kikazi tu: mwishoni mwa miaka ya 1940 alijiunga na bendi ya Eddie "Cleanhead" Vinson, mwimbaji wa bluzi ambaye mwenyewe alipiga alto, na nafasi iliyokuwa wazi ikawa ya tenori. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitafuta riziki katika bendi za ridhimu na bluzi, mle ambamo mpulizaji hutakiwa kupuliza kwa nguvu usiku kucha na kupanda juu ya kaunta ya baa huku akipiga. Mwaka 1952 alikuwa na Earl Bostic, mmoja wa waliojua saksafoni kuliko wengi wa zama zake, hasa zile noti zilizo juu ya mpaka wa kawaida wa ala. Mwaka 1954 alikuwa na Johnny Hodges. Mpiga tarumbeta Miles Davis alimchukua mwaka 1955.

Kwa mnunuzi wa kipulizio, miaka hiyo ina uzito kuliko ile ya umaarufu. Alipofika kwa Miles alikuwa na karibu miaka kumi ya kupuliza bluzi kwa watu waliotaka kucheza. Pumzi ile ndiyo iliyokijaza chumba kipana cha Otto Link. Sikiliza "Blue Train", iliyorekodiwa 15 Septemba 1957, mwaka aliofukuzwa na Miles, akaacha heroini, kisha akapiga miezi kadhaa na mpiga piano Thelonious Monk. Ni bluzi ya baa kumi na mbili, yaani vipimo kumi na viwili vya mdundo vinavyojirudia. Solo yake inaanza kwa noti chache ndefu zinazong'aa, ngumu pembezoni, kisha ndipo mvua ya noti inapoanza kunyesha. Linganisha na "Chasin' the Trane", iliyorekodiwa katika klabu ya Village Vanguard Novemba 1961: nayo ni bluzi ya baa kumi na mbili, kama dakika 16, bila piano, tenori ikilia, ikikoroma, ikigawanyika sauti mbili kwa wakati mmoja. Bluzi ni ile ile, jamii ya kipulizio ni ile ile, na sauti zimetengana kama usiku na mchana. Anayetaka kununua sauti ya Coltrane dukani ajiulize ni ipi kati ya hizo mbili, na aone jinsi kipulizio kilivyobeba sehemu ndogo ya tofauti hiyo.

Dexter Gordon, naye mpulizaji wa tenori, ni mfano mwingine. Baada ya miaka mingi na kipulizio cha Dukoff alikuja kupiga Otto Link, na bado alibaki Dexter: mpana, mzito, akichelewa nyuma ya mdundo kana kwamba hana haraka ya kwenda popote.

Ridi

Kwa 7* anza na ridi ya jazi yenye ugumu wa namba 2½. Vandoren Java na Rico ni mahali pazuri pa kuanzia, ila jua kwamba namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. 2½ ya mmoja yaweza kuwa karibu 3 ya mwenzake. Kanuni ni rahisi: kadiri uwazi unavyokuwa mkubwa, ndivyo ridi inavyotakiwa kuwa laini. Anayetoka kwenye kipulizio cha wanafunzi chenye uwazi mdogo akapeleka ridi yake ya namba 3 kwenye 7* atapata sauti yenye pumzi nyingi na noti kidogo, na atasema kipulizio kibovu.

Coltrane mwenyewe alipitia hapa. Alisimulia katika mahojiano kwamba aliwahi kutumia ridi namba 9 akitafuta sauti kubwa na thabiti, akaona zinambana uwezo na kumpunguzia ustahimilivu, akashuka hadi namba 4. Namba 4 bado ni ngumu sana kwa watu wengi, hasa kwenye uwazi mkubwa. Usiinakili. Kilicho cha kunakili ni sababu yake: alishuka kwa kusikiliza kile ambacho ridi ilimzuia kukifanya na kupima uchovu wake.

Upangaji wa ridi unastahili dakika moja ya utulivu kila mara. Iloweshe. Ilaze mezani, yaani kwenye ule ubapa wa chini wa kipulizio, kingo zake zikiwa sambamba na reli mbili za pembeni. Ibonyeze ncha kwa kidole gumba mpaka ifunge: juu ya ridi pabaki mstari mwembamba wa dhahabu, upana wa unywele. Ukiipandisha ridi juu zaidi inakuwa ngumu. Ukiishusha inakuwa laini lakini hupoteza uhai. Ridi inayoelekea upande mmoja, hata kwa nusu milimita, ndiyo chanzo cha milio mingi ya panya inayodhaniwa kuwa tatizo la pedi zinazoziba matundu ya saksafoni.

Kukifunga na kukioanisha

Chumba kikubwa kina gharama moja ambayo wauzaji hawaisemi: kinashusha sauti, kwa hiyo kipulizio lazima kiingie ndani zaidi kwenye shingo kuliko ulivyozoea. Saksafoni ina umbo la pia, yaani koni, iliyokatwa ncha, na nafasi iliyo ndani ya kipulizio ndiyo inayosimama badala ya ile ncha iliyokatwa. Nafasi ikizidi, noti za bomba fupi, hasa zile za vifunguo vya kiganja cha kushoto, hushuka zaidi kuliko za bomba refu. Ikipungua, ndizo zinazopanda zaidi.

Pima hivi. Piga kipulizio na shingo tu, bila mwili wa saksafoni, kwa nguvu ya wastani. Kwa tenori unatafuta E ya piano, ile iliyo juu ya C ya katikati. Ikiwa chini, sukuma ndani. Ikiwa juu, vuta nje. Kisha unganisha ala yote, piga F shapu ya katikati na ile ya oktava ya juu, halafu vifunguo vya kiganja, D hadi F. Viganja vikiwa chini ilhali noti za chini ziko sawa, bado hujasukuma vya kutosha. Kipulizio peke yake, bila shingo, kwa mpulizaji wa jazi kitatoa F au hata E ya piano. Kikipita G, unabana midomo.

Hapo koki ya shingo, yaani ule mkanda laini unaoizunguka ncha ya shingo pale kipulizio kinapoingia, huleta matata. Kwa kuwa kinaingia ndani zaidi, kinafika sehemu ya koki ambayo kipulizio cha zamani hakikuwahi kuifikia, na ambayo mara nyingi ni nene kuliko iliyobanwa kwa miaka. Usikilazimishe kwa kuzungusha kwa nguvu, shingo itapinda. Pangusa koki, paka grisi yake kidogo, na kama bado kinakataa ipunguze kwa ukanda wa msasa namba 320, ukizungusha sawasawa pande zote. Kikiwa kimelegea, tepu nyeupe ya mafundi bomba mizunguko miwili mitatu itakufikisha mwisho wa onyesho, ila kesho yake weka koki mpya. Kipulizio kinachotikisika huvuja, na uvujaji wa hapo huharibu kila noti.

Ukaguzi: hapa ndipo pa kukaa

Malalamiko mengi kuhusu Otto Link mpya hayatokani na muundo. Yanatokana na vitu vinne: meza isiyo bapa, reli mbili zisizolingana, ukingo wa ncha ulio mnene, na uwazi usiofanana na namba iliyogongwa ubavuni.

Jaribio la kwanza halihitaji chombo chochote. Weka ridi iliyolowa vizuri, kaza kibano, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, kisha vuta hewa mdomoni kama mtu anayenyonya. Ridi inatakiwa kugandamana na kipulizio, ikae kidogo, sekunde moja au zaidi, halafu iachie kwa mlio wa "pop". Ikiachia papo hapo, au ikigoma kabisa kugandamana, kuna uvujaji. Rudia kwa ridi tatu kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu ridi iliyopinda chini huvuja hata kwenye kipulizio safi.

Jaribio la pili linahitaji kipande cha kioo kilicho bapa na fila geji, kile kifaa cha vibamba vyembamba ambacho mafundi wa magari hupimia nafasi za valvu. Laza meza ya kipulizio juu ya kioo. Ingiza kibamba cha inchi 0.0015 kutokea nchani, kati ya kioo na reli, kikiteleza kwa uzito wake hadi kigome. Kinapogomea ndipo mkunjo unapoanza, yaani mahali reli zinapoanza kujitenga na ubapa wa meza kuelekea nchani. Kwa tenori ya jazi mahali hapo huwa karibu milimita 24 hadi 26 kutoka nchani. Mafundi hutumia kioo kilichochorwa vipimo ambavyo ni mara mbili ya milimita, hivyo ukisikia fundi anasema hamsini, anamaanisha milimita 25. Endelea na vibamba vinene zaidi: 0.005, 0.010, 0.024, 0.035, 0.050.

Kibamba kikikaa mshazari, upande mmoja ndani zaidi ya mwingine, reli hazilingani. Tofauti ndogo sana inasameheka. Ikifika milimita moja utaisikia: ridi inafunga upande mmoja kwanza, upande wa pili unachelewa, na katika mpito wa kutoka noti ya chini kwenda ya juu inatoka kelele usiyoiomba. Watu hubadilisha ridi sanduku zima wakitafuta dawa ya ugonjwa huu.

Tazama pia ncha kwa lenzi ya kukuza. Ukingo wake uwe mwembamba, sawa kote, na ufuate umbo la ncha ya ridi. Ukiwa mnene katikati, sauti inakuwa nzito kuanza na inakosa uhai kwenye mpigo laini. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, huzaa milio. Mwisho, geuza kipulizio kwenye mwanga uangalie mteremko wa ndani: mikwaruzo ya kawaida haidhuru, lakini nundu iliyoachwa karibu na ncha huivuruga hewa mahali inapotakiwa kuwa tulivu zaidi.

Kukisahihisha, kwa uangalifu mkubwa

Kasoro hizi zote zina tiba. Fundi wa vipulizio husawazisha meza juu ya msasa uliolazwa kioo, hulinganisha reli kwa vipimo vile vile vya fila, hupunguza ukingo wa ncha kwa kufanyia kazi upande wa ndani. Kuna jambo moja la hesabu: ukisugua meza, uwazi wa ncha hupungua. 7* yaweza kurudi kuwa 7, inchi 0.100, na fundi hulazimika kuuchonga mkunjo upya ili kurejesha. Dhahabu nayo itatoka palipoguswa na shaba itabaki wazi, iwe nyeusi kidogo baada ya muda. Hilo ni la sura, sauti haiguswi.

Hatari iko kwa anayepeleka kipulizio kinachofanya kazi vizuri ili "kiwe kizuri zaidi". Coltrane alikiona cha moto. Katika mahojiano na Frank Kofsky mwaka 1966 alieleza kwamba alipeleka kipulizio kikafanyiwe kazi, na badala ya kuwa bora kikaharibika. Kwa shida hiyo hakuweza kupiga alivyotaka, na ndiyo sehemu ya sababu ya albamu za utulivu za wakati ule, ikiwemo *Ballads* iliyorekodiwa mwaka 1961 na 1962. Mtayarishaji wake Bob Thiele naye alikuwa na sababu zake za kutaka muziki laini. Lakini fikiria: mpulizaji aliyekuwa kileleni, mwenye uwezo wa kupata fundi yeyote Marekani, alipoteza kipulizio kwenye meza ya ukarabati na hakupata upesi mfano wake. Muziki uliotoka ni mzuri mno, nao hauondoi maumivu yale.

Kwa hiyo kabla ya kukikabidhi, andika vipimo: uwazi wa ncha, na mahali kila kibamba kinapogomea, reli ya kushoto na ya kulia. Mwambie fundi kasoro uliyoisikia, kwa mfano "C ya chini haianzi nikipiga polepole", kuliko kumwambia unataka sauti ya giza au ya mwanga. Omba asawazishe meza na reli tu kwanza. Chumba na mteremko wa ndani visiguswe hadi umepiga wiki mbili, maana shaba iliyotolewa hairudishwi. Ukikichukua, dai vipimo vipya kwa maandishi.

Mazoezi na matunzo

Kipulizio cha chumba kipana bila mazoezi ya noti ndefu ni kama chungu kikubwa juu ya moto wa kijiti. Shika B flati ya chini kabisa, na bila kubadilisha vidole, itoe oktava yake, kisha F, kisha B flati nyingine, kisha D, kwa koo na ulimi tu. Dakika kumi kwa siku. Baada ya mwezi utaanza kuyapata yale makali ambayo mteremko wa chini haukupi bure, na noti zilizo juu ya mpaka zitaanza kuitika.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini ya meno. Ya moto sana hulegeza gundi ya kibamba. Ukoko mweupe wa mate huondolewa kwa siki iliyozimuliwa, dakika chache, kisha suuza. Palipobaki shaba wazi usiiache siki ikae. Ondoa ridi kila unapomaliza, na usikiache kipulizio kwenye shingo usiku kucha, koki hubanwa ikafa. Shaba haivunjiki kama mpira mgumu ikianguka, ila ncha hupinda, na ncha iliyopinda hata kwa kiasi kisichoonekana na jicho huvuja. Kofia yake iwe juu yake kila mara kinapokuwa hakipo mdomoni.

Wanaoanza tenori wasianze na 7*. Waanze na 5* au 6, chumba na tabia ni vile vile, na pumzi itawatosha. Aliyepiga miaka kadhaa na anataka jazi na bluzi ya kikundi kidogo, kwenye ukumbi usiopiga kelele, 7* ni yake. Akienda kununua, abebe ridi zake tatu anazozijua, fila geji, na kipande cha kioo mfukoni, aombe vitatu vya namba moja, avipime vyote kwa "pop" kabla ya kupuliza hata noti moja. Kile kinachoshika muda mrefu zaidi kwa ridi zote tatu ndicho akijaribu kwanza, kuanzia B flati ya chini, kwa sauti ya chini kabisa anayoweza.